Mkisubiri Wakue, Mtasubiri Sana

Mwezi huu nataka tuongee habari za ndege. Siyo ndege ya fungate, hiyo tulishaiongelea sana kwenye kurasa hizi, na wengi wenu fungate lilishapita, limebaki kwenye albamu. Naongelea ile safari ambayo wengi wetu tunaisogeza mbele kila mwaka: safari ya kwanza ya kutoka nje ya nchi, kwa ndege, mkiwa na watoto wadogo. Ile ambayo ukiitaja tu ofisini, lazima atokee mtu wa kukuambia, “Wewe nawe! Subiri kwanza wakue.”

Mimi nauliza, wakikua kutakuwa na nini? Kutakuwa na mitihani, tuisheni na marafiki zao wa mtaani. Na ninyi wawili mtakuwa mmeshakaa miaka mingine kumi mkiongelea ada, gesi na luku. Ndiyo maana naileta mada hii kwenye safu ya mahusiano na si kwenye ukurasa wa utalii. Safari ya namna hii ni jambo la wawili kabla hata haijawa jambo la watoto. Ikipangwa vizuri mnarudi mmejuana upya. Ikipangwa ovyo, mmoja anarudi amepumzika na mwingine amechoka kuliko alivyoondoka, na wote mnajua ni nani huyo!

Mimi na baba watoto tulikwenda Kigali mwezi wa sita, tukalala huko siku nne. Mkubwa wetu ana miaka minne na nusu, mdogo alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Nitakueleza tulivyopanga, hatua kwa hatua, wewe uchukue kinachokufaa.

NI SAFARI YA NANI?

Kabla ya kuulizia tiketi, kaeni chini mjibu swali moja: tunakwenda kufanya nini? Usicheke, watu wengi hawalijibu. Mmoja ana picha ya kulala hadi saa nne, mwenzake ana picha ya kutembelea kila kitu kilichoandikwa kwenye kitabu cha watalii, halafu wanakutana hotelini wakiwa na watoto wawili wanaolia na picha mbili ambazo hazipatani.

Sisi kila mmoja aliandika kitu kimoja kwenye karatasi. Kimoja tu. Mimi niliandika, “Kunywa chai ya asubuhi ambayo sijaipika mimi.” Yeye akaandika, “Tuongee habari ya Dodoma bila simu kuita.” Nilipoisoma nilinyamaza kidogo. Tangu Pasaka alikuwa amepewa nafasi ya kazi Dodoma, na kila tukigusa habari hiyo ama mtoto anaamka, ama mimi nakimbilia kurasa zinazokwenda mtamboni, ama tunaanza kurushiana maneno tunaishia njiani. Jibu lilikuwa linasubiriwa, na nyumbani kwetu hapakuwa na saa moja tulivu ya kulitafuta. Mkubwa naye tulimuuliza. Akasema anataka kuona ndege “kwa ndani”. Haya, safari ikawa na malengo matatu, na yote yalikuwa yanawezekana.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa na swali gumu. Akaniambia kwa upole tu, “Mwanangu, huyu wa mwaka mmoja ataona nini huko? Si bora hiyo hela mngepigia lipu?” Na kweli nyumba yetu ya Kibamba haijapigwa lipu. Nikamjibu, “Mama, yeye hataona kitu. Sisi ndio tunakwenda kuonana.” Akacheka, na siku ya safari akatuletea kashata.

Namwelewa Mama. Hela ni hoja. Kwa hiyo tulikubaliana mambo mawili mapema: ada ya shule haiguswi, na hatukopi. Tuliweka laki tatu na nusu kila mwezi kwa miezi 12, ikafika milioni nne na laki mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa dari yetu. Ndani yake tukatenga sehemu moja ya kumi kwa ajili ya dharura tu, maana mtoto anaweza kupata homa nchi yoyote. Mkikosa dari, kila kitu kitaonekana ni cha lazima.

PA KWENDA: KARIBU, PADOGO, PASIPO NA VIZA

Najua wengi wakisikia “nje ya nchi” wanawaza Dubai. Dubai ni kuzuri, lakini fikiria: ni zaidi ya saa tano angani, kila abiria anahitaji viza yake hata yule wa mgongoni, na ukienda Julai au Agosti joto linavuka nyuzi 40. Hiyo si safari ya kujifunzia.

Kwa mara ya kwanza tafuta mahali penye sifa nne: ndege ya moja kwa moja, isizidi saa mbili au tatu, saa zisipishane sana na za nyumbani, na viza isiwe kikwazo. Kwa anayeishi Dar, Kigali inazo zote. Ndege ya moja kwa moja haifiki saa mbili. Rwanda iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Mtanzania haombi viza. Mji uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hali ya hewa ni ya ubaridi kidogo, watoto wanalala bila kutokwa jasho. Na kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi, mvua ni chache.

Mwenye makazi Arusha au Mwanza anaweza kupata hesabu nyingine kabisa, labda Nairobi, labda Entebbe. Kanuni ni ileile: safari ya kwanza ichagueni kwa miguu ya mtoto, siyo kwa picha za marafiki zenu.

KARATASI: ANZA MIEZI MIWILI KABLA

Kila mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe, hata aliyezaliwa juzi. Pasipoti mpya ya kielektroniki, ile iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018, ada yake ni Sh 150,000, kwa hiyo watoto wawili tayari ni laki tatu. Ziingize kwenye bajeti. Utahitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka RITA, siyo kile kipande cha hospitali. Kama bado mna tangazo la kizazi tu, anzieni hapo. Na ninyi wakubwa angalieni pasipoti zenu zimebakiza muda gani, maana nchi nyingi hutaka ibaki angalau miezi sita.

Halafu kuna jambo la majina. Akina mama wengi wa kwetu tunabaki na majina ya baba zetu hata baada ya ndoa. Mtoto anabeba jina la baba yake na la babu yake. Sasa ukifika dirishani na mtoto ambaye jina lenu halifanani hata herufi moja, ofisa ana haki ya kuuliza. Usimkasirikie, anamlinda mtoto. Beba cheti cha kuzaliwa, kwa sababu hapo ndipo majina ya wazazi wote wawili yanapoonekana. Na kama mzazi mmoja tu ndiye anasafiri na watoto, awe na barua ya ridhaa ya mwenzake, iliyosainiwa mbele ya wakili, yenye tarehe za safari na namba ya simu. Piga nakala za kila kitu, nyingine zihifadhi kwenye simu zote mbili.

Chanjo nazo. Waulizeni ofisi za afya za uwanja wa ndege masharti ya mnakokwenda na ya kurudi, maana hubadilika. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kwa mtoto kuanzia miezi tisa, cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Pia fuatilieni taarifa za afya kabla ya kulipia. Mwishoni mwa 2024 Rwanda ilipata mlipuko wa Marburg, ukatangazwa kwisha Desemba mwaka huohuo, na mwanzoni mwa 2025 ugonjwa huo ukatokea kwetu Kagera, nao ukaisha. Sisemi haya kukutisha. Nasema tiketi inayobadilishika tarehe ina thamani yake pale mnapokuwa na watoto.

TIKETI: SIKU YA KUZALIWA INA BEI

Kwenye mashirika mengi, mtoto ambaye hajafika miaka miwili hapewi kiti, anakaa mapajani, na mnamlipia kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima pamoja na kodi. Akishatimiza miaka miwili anatakiwa awe na kiti chake, na nauli yake haipungui sana. Kama mdogo wenu anatimiza miaka miwili mkiwa huko, wakati wa kurudi atahitaji kiti. Kwa hiyo angalieni kalenda kabla hamjachagua mwezi, inaweza kuwaokolea hela nyingi.

Ukiona nauli ya chini sana, uliza maswali matatu: mizigo imo? Viti tunachagua wenyewe? Kigari cha mtoto kinakwenda bure? Mara nyingi kigari mnaruhusiwa kukisukuma hadi mlangoni pa ndege, ila ulizeni. Halafu chagueni ndege kwa saa za mtoto. Ndege ya alfajiri inaweza kuwa rahisi, lakini mkiwa Mbagala au Bunju na mnatakiwa kuwa uwanjani saa tatu kabla, mtaamsha watoto saa sita usiku. Sisi tulilipa zaidi kidogo tukapanda ya mchana, na mdogo akalala muda wake wa kawaida, akiwa angani.

NANI ANAFANYA NINI?

Hapa ndipo penyewe, shosti. Na wewe kaka unayesoma gazeti la mkeo kwa kuibia, usifungue ukurasa mwingine.

Kwenye nyumba nyingi za vijana wa leo baba anasaidia. Ni jambo zuri. Tatizo ni kwamba anayesaidiwa bado ndiye anayekumbuka kila kitu. Yeye ndiye anajua nepi zimebaki ngapi, dawa ya kikohozi inaisha lini muda wake, sweta la nani limebana. Mwenzake anauliza, “Nifanye nini?” naye anajibu, na kujibu huko ni kazi pia. Sasa ibebeni hali hiyo muipeleke nchi ya watu!

Sisi hatukugawana kazi ndogondogo, tuligawana idara. Yeye alichukua karatasi, tiketi, hela na usafiri wa kule. Mimi nikachukua mizigo, chakula na dawa. Idara ikiwa yako ni yako mwanzo hadi mwisho: unafikiri, unafuatilia, unakamilisha. Mwenzako haruhusiwi kukusimamia. Nakiri haikuwa rahisi kunyamaza nilipoona pasipoti ya mdogo bado haijachukuliwa na zimebaki wiki tatu, lakini ilikuwa idara yake, na ilichukuliwa. Mkiwa safarini kuna idara ya tatu: zamu za mtoto. Mmoja akiwa zamu, mwingine yuko huru kweli, hata kama amekaa mita mbili tu akitazama dirishani.

Na ratiba je? Baba watoto alikuwa na mambo sita ya kuona kwa siku tatu kamili za kutembea. Tukakubaliana jambo moja kwa siku, asubuhi, kabla watoto hawajachoka. Mengine yangebaki kwa safari nyingine. Alinuna kidogo, akapona.

MKOBA WA NDANI YA NDEGE

Begi kubwa likichelewa au kupotea, huu ndio utakaowalea hadi kesho yake. Wetu ulikuwa hivi:

- Nepi: moja kwa kila saa mbili za safari, kuhesabia mlango hadi mlango, pamoja na tatu za dharura.
- Nguo za kubadili kwa kila mtoto, na fulana moja ya mama. Watu wengi husahau fulana ya mama, na anayetapikiwa ni nani?
- Mifuko ya kitambaa kwa ajili ya nguo chafu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na ukishuka nayo uwanjani inachukuliwa. Kwetu nayo ilikatazwa Juni 1, 2019, kwa hiyo si sheria ya kukushangaza.
- Dawa: ya homa iliyopimwa kwa uzito wa mtoto, chumvichumvi za kuharisha, kipimajoto, na dawa yoyote anayotumia kila siku, ikiwa kwenye boksi lake. Malaria iko na huko, kwa hiyo pakeni dawa ya kufukuza mbu na muulizie kama chumba kina chandarua.
- Vyakula vikavu wanavyovijua: biskuti, ndizi, mkate. Angani si mahali pa kumfundisha mtoto chakula kipya.
- Kitabu, penseli za rangi na kitu kimoja kidogo ambacho mtoto hajawahi kukiona. Kifungueni mkiwa angani tu.
- Betri za akiba za simu. Hizi haziruhusiwi kwenye begi la chini.

Vimiminika kwenye mkoba wa ndani huwa havizidi mililita 100 kwa kila chupa, lakini maziwa ya mtoto na dawa kwa kawaida hupewa nafasi. Vitoe mwenyewe uvioneshe wakati wa ukaguzi, usisubiri kuulizwa.

MASIKIO NA MAJIRANI

Mtoto anapolia ndege ikipaa au ikishuka, mara nyingi ni masikio. Hewa ya ndani ya ndege inabadilika mgandamizo, na kile kijia kinachounganisha sikio na koo, ambacho kwa watoto ni chembamba, hakifunguki haraka. Kumeza ndiko kunakifungua. Kwa hiyo mnyonyeshe, au mpe chupa, au huyo mkubwa mpe kitu cha kutafuna. Kushuka ndiko kunakouma zaidi, na ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, kwa hiyo usimnyonyeshe akashiba mapema. Mtoto mwenye mafua makali au maumivu ya sikio apelekwe kwanza kwa daktari. Na tafadhali, usimpe mtoto dawa ya mafua ili alale. Watoto wengine dawa hizo huwafanya wacharuke badala ya kulala, na kwa mdogo zina hatari zake.

Vipi kuhusu abiria wengine? Salimia majirani mapema, waambie huyu ni mara yake ya kwanza. Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu, suti na tai, alikuja kumaliza safari akicheza kujificha na mdogo wetu juu ya kiti. Watu wa kwetu bado wanapenda watoto, wape tu nafasi.

KIGALI KWA MWENDO WA MTOTO

Mambo machache ya mji wenyewe. Magari yanapita kulia, kwa hiyo mkivuka barabara tazameni kushoto kwanza, na mtoto ashike mkono. Bodaboda ni nyingi, zinabeba abiria mmoja na helmeti, hazifai familia. Baba watoto alikodi teksi kwa siku, akaulizia mapema kiti cha mtoto. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, siku ya usafi na kazi za pamoja, mji unatulia hadi saa tano hivi. Msipange kutoka muda huo.

Lugha haitawasumbua sana. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, na sokoni Kimironko tulinunua parachichi kwa Kiswahili chetu cha Kariakoo. Kwenye chakula, mkubwa aliogopa kusikia isombe, mpaka alipoona ni kisamvu! Akala sahani nzima.

Siku ya kwanza tulikwenda Nyandungu, bustani kubwa iliyofufuliwa kwenye ardhi oevu ndani ya mji na kufunguliwa mwaka 2022. Kuna njia za kutembea na za baiskeli, mabwawa na ndege wa kila aina. Unalipa kiingilio, mtoto anakimbia. Jioni moja tuliwapitisha kuona kuba la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa 2016, linavyowaka taa za rangi za bendera. Mkubwa alisema ni keki. Hayo yalitosha.

Sehemu moja hatukwenda pamoja. Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari pale Gisozi, iliyofunguliwa 2004, wamezikwa watu zaidi ya laki mbili na nusu waliouawa mwaka 1994. Sikuona sababu ya kufika Kigali na kupapita, lakini pia si mahali pa mtoto wa miaka minne. Tukapeana zamu: yeye asubuhi ya siku ya pili, mimi siku ya tatu. Ndani kuna sehemu ya watoto, picha zao, na maelezo ya vitu walivyovipenda. Mzazi anayepanga kwenda ajue hilo. Baba watoto aliporudi hakusema kitu, alimchukua mdogo kutoka mgongoni kwangu akatembea naye uani muda mrefu. Kesho yake nikaelewa. Mkipeana zamu, kila mmoja anapata nafasi ya kuhuzunika bila kumficha mtoto uso.

SAA MOJA YA ZIADA

Sasa siri ndogo ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote cha safari. Saa ya Kigali iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Watoto hawajui hilo. Waliozoea kulala saa mbili usiku walisinzia saa moja ya kule. Kweli, asubuhi waliamka saa kumi na moja alfajiri, hakuna kizuri kisicho na gharama, lakini jioni tulipewa saa moja ya bure. Mahali mnapolala chagueni penye kibaraza au sebule ndogo. Chumba kimoja kikizimwa taa na mtoto amelala, na ninyi mtakaa gizani mkinong’ona kama wezi.

Kibaraza chetu kilikuwa na viti viwili vya plastiki na mwanga wa mji mbele. Usiku wa kwanza tulikaa kimya tu, tumechoka. Usiku wa pili akaanza, “Dodoma unaionaje?” Nikamwambia ukweli ambao nyumbani sikuwahi kupata nafasi ya kuumaliza: siiogopi Dodoma, naogopa kulea peke yangu Dar huku yeye anakuja kila wikiendi ya pili. Naye akaniambia ukweli wake, kwamba alidhani nikikaa kimya ni kwa sababu kazi yangu naiona ni bora kuliko yake. Hakuna aliyepandisha sauti. Usiku wa tatu tulileta kalamu. Tukaandika mshahara, kodi ya nyumba, shule, na kazi yangu inayoweza kufanyika kwa mtandao na isiyoweza. Usiku wa nne tukakubaliana: tunahama wote Januari, shule zikifunguliwa, au hatuhami kabisa. Kugawanyika hakumo. Aliporudi ofisini aliwaandikia hivyo hivyo, na wakakubali kumsubiri hadi Januari.

Je, tusingeweza kuongea hayo Kibamba? Labda. Lakini tulikuwa na miezi mitatu Kibamba na hatukuongea.

Kwa hiyo wapenzi wasomaji, mkitaka kujaribu, anzeni mwezi huu na vitu vitatu tu: andikeni kila mmoja jambo lake moja, fungueni kibubu chenye dari inayojulikana, na wapelekeeni watoto maombi ya vyeti RITA kama bado. Safari iwe fupi, siku nne zinatosha. Na mkirudi, acheni siku moja kabla ya kurudi kazini, ya kufua na kulala. Hiyo nayo ni sehemu ya safari, ihesabuni.

Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa, ambapo nitawaletea mada ya wifi na mawifi. Jiandaeni!